Mzee wa Eksirei Aliyeninyima Picha

Mlango aliufunga kwa kisigino. Mikono yake haikuwa mitupu hata siku moja: huku picha mbichi inayochuruzika dawa, huku kikombe cha chai ya rangi iliyopoa zamani. Aliingia, akatupa mguu nyuma, na ule mlango mzito wenye bati la madini ya risasi ukagonga mara moja tu, ukatulia. Mtu aliyekuwa ndani, awe mwalimu mkuu, awe dereva wa lori la Kampala, alisahau palepale maneno aliyokuja nayo.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo nawaachia watoto wake. Mimi nilimjua kwenye chumba chake cha eksirei, katika hospitali yetu ndogo pale Busia, na nilimjua kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, kule kwetu Adungosi, Jumapili mchana baada ya kanisa. Mji mzima ulimwita Mzee wa Picha. Hata alipokuwa na miaka arobaini na kitu alikuwa tayari Mzee wa Picha, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoshwa mapema na ujinga wetu.

Mimi nami sikuwa mtu wa kupuuzwa. Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza na baiskeli, nabeba watu na magunia kutoka kizuizi cha Kenya hadi cha Uganda, na kurudi, na kwenda tena. Baiskeli ikanizalia mashine ya kusaga unga pale Malaba, na ile ya Malaba ikanizalia ya pili Busia. Hakuna aliyenishika mkono. Mashine ya kwanza ilinichukua kidole: mkanda ulinikamata mkono wa kushoto, ukala kidole cha shahada hadi kiungo cha katikati. Nakitaja kidole hicho mapema kwa sababu kina kazi huko mbele.

Chumba chake kilinuka siki. Ndani yake kulikuwa na kichumba kingine cha giza, na mbele ya hicho kamba iliyofungwa ukutani hadi ukutani. Hapo ndipo alipoanika picha kwa vibanio, vifua na miguu ya watu imening'inia kama fulana za watoto siku ya kufua. Stima ikikatika, na ilikuwa inakatika hasa wakati wa mvua, alikaa kwenye kiti chake na kukunja mikono. Ukimwambia stima imerudi, anakuambia bado haijatulia. Mtu mzima anaweza kupigwa picha kwa stima ya kutetemeka, ikiharibika arudie. Mtoto hapana. "Mtoto hapigwi mara mbili kwa sababu yangu," alikuwa anasema, na hata msimamizi wa hospitali alijifunza kungoja.

Akina mama walimwogopa kwa jambo moja. Mtoto mchanga huwezi kumwambia vuta pumzi ushikilie. Kwa hivyo yeye alingoja alie. Alisimama nyuma ya kile kioo kizito, kidole kwenye kitufe, akimtazama mtoto akikunja uso, akilia, akimaliza hewa yote, na pale mtoto anapovuta ile pumzi kubwa ya kuanza kilio kingine, yeye hapo hapo anabonyeza. Hakukosea. Mama aliyekuwa nje alisikia mtoto wake analia na Mzee wa Picha amenyamaza, akadhani huyu mtu hana roho. Lakini ni yeye huyo huyo aliyemwimbia mtoto baadaye, wimbo wa Kisamia usio na maneno mengi, akimfuta kamasi kwa pindo la koti lake jeupe. Utamu wake wote aliwapa wasioweza kusema. Sisi wenye midomo alitubakizia ukali.

Na alikuwa na vituko vyake. Mtu aliyeona vifua vya wilaya nzima, aliyejua moshi unafanya nini humo ndani, ndiye aliyevuta sigara nyuma ya chumba cha giza, tatu kabla ya saa nne asubuhi. Nilimuuliza siku moja kwenye malwa, mirija ikiwa midomoni mwetu. Alisema kifua chake hajakiona, na asichokiona hakimsumbui. Wazee wote pale kwenye chungu walicheka. Yeye hakucheka. Pia alikuwa mkali sana wa watu kukaa foleni, lakini mbeba watu wa baiskeli akiletwa ameanguka na mzigo pale kwenye reli, alimpitisha mbele ya kila mtu, akampiga picha ya mbavu bila kungoja karatasi. Hilo nilimpendea, kwa sababu mbavu hizo ziliwahi kuwa zangu.

Ambalo sikumpendea ni watoto wenye kifua. Hapo alikuwa bahili.

Ni lazima nieleze desturi yetu ya siku hizo. Picha ya eksirei ilikuwa kitu. Mtu akipigwa picha, haikubaki hospitali. Alikwenda nayo nyumbani kwenye bahasha ya kaki, na wageni wakija anaitoa, inainuliwa dirishani, watu wanatazama mbavu na kusema Yesu wangu. Nimeona picha ya kifua imepelekwa kwenye maombi ikawekewa mikono. Nimeona nyingine imetumika kuziba kioo kilichovunjika, na mwenyewe anajivunia kwamba mapafu ya mke wake yanatazama barabarani. Mtoto akikohoa, baba mwenye uwezo hakuuliza dawa. Aliuliza picha. Bila picha ulionekana hukumpenda.

Mzee wa Picha alituvunja moyo mmoja mmoja. Daktari alikuwa anaandika karatasi ili tumwondokee, lakini ukifika kwake anamvua mtoto nguo kwanza. "Nionyeshe mbavu zake." Anachuchumaa, anatazama, anatoa saa yake ya mkononi. Kisha anarudi kwa daktari na ile karatasi, wanazungumza, na mara nyingi unarudishwa nyumbani bila picha.

Mtoto wangu wa kwanza, Atyang, hakumnyima. Atyang alikuwa na mwaka mmoja na nusu, homa ya kumchoma mtu mkono, upande mmoja wa kifua haupandi. Alipigwa picha siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyemshika mikono juu, nimevaa ile aproni nzito ya risasi. Upande wa kulia chini palikuwa peupe pote: maji. Daktari wa wakati huo alimchoma sindano ndefu mgongoni akayatoa, na Atyang akapona. Ile picha nilirudi nayo nyumbani, nikaiweka ndani ya sanduku pamoja na suti yangu ya harusi.

Miaka miwili baadaye, msimu wa mvua ndefu, watoto wote wa plot yetu wakaanza kukohoa. Ilianza kwa mafua ya kawaida, kamasi kama maji, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Kijana wangu Ekisa alikuwa na miezi kumi. Nilimbeba mwenyewe asubuhi, nikaacha mashine zikisaga, nikafika kwa Mzee wa Picha na karatasi mkononi.

Alifanya yale yake. Akamvua sweta, akachuchumaa, akanipa saa yake. Akaniambia nihesabu tumbo la mtoto likipanda, hadi mshale uzunguke mara moja.

"Kuhesabu ni kazi yako," nikamwambia.

"Wewe ndiye utakayekuwa naye nyumbani. Mimi nitakuwa hapa."

Nilihesabu. Arobaini na nne. Akasema akipita hamsini nije nikikimbia. Akisahau kunyonya, nije. Ngozi ya chini ya mbavu ikivutwa ndani kila anapohema, nisingoje hata kuvaa viatu. Kwa sasa nimsafishe pua, anyonye kidogo kidogo, mara nyingi, na nimtoe kwenye moshi wa jikoni.

Nikamuuliza, na picha?

Hapo ndipo aliponieleza, na mpaka leo naweza kurudia. Alisema ugonjwa huu ni wa virusi, umeingia plot nzima, umeingia Malaba na Angurai na ng'ambo. Akimpiga picha kila mtoto wa namna hii, zote zitafanana: moshi-moshi kuzunguka moyo, mistari, na mapafu yaliyofura kama tyubu ya baiskeli iliyojazwa kupita kiasi. Mtu akiona ule moshi atasema nimonia, atachoma sindano, na virusi havijali sindano. "Kamera yangu inajua nyeupe na nyeusi tu. Jina la ugonjwa haijui. Mtazame mtoto. Usitazame picha."

Nilisikia maneno yote, na yote yalinipita. Nilichosikia ni kwamba mimi, yule wa baiskeli, nimenyimwa. Nilimwambia mimi si mtu wa kurudishwa kama mwombaji, unga anaokula unatoka kwenye mashine yangu. Alinifungulia mlango kwa ncha ya kiatu.

Nilikwenda nyumbani nikafungua sanduku la suti. Pembeni mwa picha ya Atyang palikuwa na jina lake na tarehe. Nilichukua mkasi wa kukatia magunia, nikaikata ile pembe. Kisha nikapanda gari hadi Malaba na Ekisa, kwenye kliniki moja ya mtu binafsi yenye pazia la kijani, ambayo imefungwa siku nyingi. Yule jamaa aliinua picha dirishani akapiga mluzi. Nimonia mbaya, alisema. Akaanza sindano. Simlaumu. Nilimpa picha ya uongo, akanipa sindano ya kweli.

Mama Atyang nilimwambia nimempeleka mtoto Malaba, amepigwa picha, anatibiwa. Siku ya pili akaniambia mtoto ananyonya anaachia. Nikasema anatibiwa. Siku ya tatu asubuhi akaniita nimtazame mbavu. Nikasema, mwanamke, mtoto ana sindano mwilini, unataka nini tena. Alimfunga mgongoni kwa leso akatoka, nami nikamfuata nikifunga mkanda wa suruali.

Wodini watoto walilala wawili wawili kitandani. Daktari alikuwa kijana mpya, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ekisa alikuwa anahema kama mbwa aliyekimbizwa, ngozi inaingia chini ya mbavu, midomo si ya rangi yake. Alimweka kwenye mrija wa oksijeni, akauliza kama amewahi kupigwa picha. Kabla sijafungua mdomo mke wangu akasema ndiyo, baba yake anayo.

Nilikuwa nayo chini ya kwapa. Nilikuja nayo. Usiniulize kwa nini; mtu anayejidanganya hubeba uongo wake kila mahali. Nikampa. Akauliza pembe imekatwa na nini. Nikasema panya. Mwenye mashine ya kusaga akisema panya, nani atabisha?

Aliinua picha dirishani. Akaona ule weupe wa kulia, yale maji. Aligonga mgongo wa Ekisa kwa vidole, upande huu, upande ule, akakunja uso, kwa sababu mlio haukufanana na alichokiona. Akagonga tena. Halafu macho yakashinda masikio. Akamwambia sista alete sindano ndefu.

Nilijua sindano ile inakwenda wapi. Inakwenda kutafuta maji mahali pasipo na maji, kwenye pafu la mtoto wa miezi kumi ambalo limefura tayari. Nilijua. Neno lilifika hapa, kwenye koo. Mke wangu alikuwa ananitazama, mama wengine wananitazama, wote wananijua ni nani, na neno likakaa hapo. Sista akapaka dawa mgongoni. Nikanyamaza. Nimeandika hilo ili lisomeke: nilinyamaza.

"Daktari, picha hiyo si ya mtoto huyo."

Mzee wa Picha alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Daktari akauliza amejuaje. Akasema ile picha ni kazi yake mwenyewe, na mtoto huyu hajawahi kumpiga picha. Bahasha zimechanganyika, akasema. Hakunitazama. Sista akarudisha sindano kwenye sinia.

Kisha akaweka kikombe chini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akasema, "Huyu sasa ndiyo nitampiga." Stima haikuwepo. Alikwenda mwenyewe kuwasha jenereta, na ilipotulia, akanivisha aproni nimshike Ekisa mikono juu. Mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Mzee wa Picha alisimama nyuma ya kioo akilitazama lile tumbo dogo likipanda na kushuka, akivuta midomo kama anayemsaidia, mpaka akaipata pumzi aliyoitaka.

Picha ilitoka ikiwa na yale yale aliyoniambia mwanzo. Moshi kuzunguka moyo, huku na huku. Mapafu yamefura, yameusukuma moyo ukawa mwembamba. Maji hakuna hata tone. Daktari alikaa chini kwenye kitanda cha mtu, akashika kichwa.

Tulipobaki wawili chumbani, Mzee wa Picha alifunga mlango kwa kisigino. Akaziweka picha mbili kwenye taa, ya Atyang na ya Ekisa, bega kwa bega. Juu kabisa, pembeni mwa kila moja, mkono wa mtu mzima umeshika mkono wa mtoto. Mifupa ya vidole vinne na nusu.

"Ukitaka kudanganya na picha," akasema, "kata na mkono."

Akafungua mlango kwa ncha ya kiatu. Basi. Ekisa alikaa kwenye oksijeni siku nne, akinyweshwa maziwa ya mama yake kwa mrija wa puani, na siku ya tano akanyonya mwenyewe. Kwenye malwa Mzee wa Picha alinipisha kama kawaida, akaongea habari za mvua na mihogo. Sikumshukuru. Kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia, aliacha kazi akarudi kwao upande wa Funyula. Nikasikia anakohoa. Nikachukua pikapu yangu, nikamtia Ekisa ambaye sasa alikuwa darasa la kwanza, tukaenda. Tulimkuta ameketi nje amejifunga blanketi, mchana wa jua.

"Mulembe, mzee," nikasema.

"Mulembe. Yoga," akajibu, salamu yake na yangu pamoja, kama zamani. Kisha akamwita Ekisa, akamvua shati bila kuuliza mtu, akatoa ile saa. Alipomaliza akamrudishia shati na kumwambia akawatazame mbuzi.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikajikuta nimelisema lote kwa mara moja. "Mzee, zile bahasha hazikuchanganyika."

"Najua."

"Nilijua sindano inakwenda wapi."

"Hilo pia najua. Sikufika mlangoni nikasema. Nilifika nikasimama. Nikahesabu pumzi za mtoto wako nikikungoja wewe." Akakohoa, akangoja iishe. "Nilifika ishirini. Sista akapaka dawa. Nikaona hutasema."

Nilitazama chini, kisha nikatazama blanketi lake, na nikagundua nimeanza kuhesabu. Sikuhitaji saa, miaka ile yote sikuwahi kuacha kuhesabu mtoto yeyote aliyelala nyumbani kwangu. Nilihesabu hadi mwisho.

"Thelathini na sita," nikamwambia. "Kwa mtu mzima ni nyingi."

"Picha haiponyi."

"Haiponyi. Lakini mbavu zako zinavutwa, mzee. Mtazame mtu, usitazame picha, si ulisema? Nimemtazama."

Alicheka mpaka ikawa si kicheko tena. Ilipotulia akanyoosha mkono nimwinue.

Kwenye chumba chake cha zamani tulimkuta mpiga picha mpya, msichana mwenye kucha safi zisizo na madoa ya dawa. Mzee alimwambia kamba ya kuanikia imelegea, na stima haijatulia, angoje. Msichana akangoja. Lakini kusimama peke yake mzee hakuweza, kwa hivyo nilivaa aproni nikamshika chini ya kwapa, nikamwegemeza kwenye lile bati baridi alilowaegemeza watu maisha yake yote.

"Mzee, vuta pumzi, shikilia," msichana akasema kutoka nyuma ya kioo.

Alijaribu. Ikakatika katikati. Akajaribu tena, nami nikasikia mbavu zake zikipanda ndani ya mkono wangu, na hapo kitufe kikabonyezwa. Alikuwa ameiotea vizuri, yule msichana. Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mwalimu.

Picha alijisomea mwenyewe kwenye taa. Alisoma muda mrefu. Weupe ulikuwa mwingi, hata mimi niliuona. Aliweka kucha pembeni, chini ya kwapa, mahali palipokuwa na vidole vinne na nusu, akanitazama, akainua nyusi.

Msimu wa mvua wa mwaka huo hakuumaliza. Mjane wake alinipa ile bahasha, akasema mwenyewe ndiye aliyeagiza niwe nayo. Ipo kwenye sanduku pamoja na suti, juu ya ile ya Atyang na ile ya Ekisa. Wageni wakija siitoi. Na pembeni, mahali pa jina na tarehe, yameandikwa yote mawili kwa mkono wa yule msichana, vizuri, herufi kubwa. Hiyo pembe sijaikata.